Kabla ya Kununua Dawa ya Waridi, Geuza Jani

Mtu mwenye mawaridi kumi uani, Arusha au Limuru, akiona majani yanapukutika hukimbilia duka la pembejeo na kuulizia "dawa ya waridi". Hakuna dawa ya namna hiyo. Kuna ya ukungu, kuna ya wadudu, na ukikosea, hata ile ya bei ya chini kabisa imekula pesa bure.

Madoa meusi yenye kingo zilizochanika, na jani likiwa njano kuyazunguka, ni ukungu. Huanzia majani ya chini, na mbegu zake huhitaji jani libaki na maji kwa takriban saa saba ndipo zichipue. Kwa hiyo kumwagilia asubuhi, tena shinani, na kuokota majani yaliyoanguka ni kinga isiyogharimu kitu. Masika yakizidi, watu wengi hununua mankozebu. Kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa bomba la lita 20, yaani gramu 2.5 kwa lita. Miche kumi inatosheka na lita tatu, sawa na gramu 7.5. Pakiti ya gramu 100 itakupeleka mizunguko 13. Kilo moja, hata ikiwa nafuu kwa gramu, itazeekea stoo. Tena dawa hii hukinga jani zima, haiponyi lililokwisha kuugua. Umoja wa Ulaya uliikatalia kibali kipya mwaka 2020 kwa sababu za kiafya. Kama petali zako zinaingia kwenye chai au vikuba, mimi ningeiacha kabisa.

Unga mweupe kwenye majani machanga ni ubwiri unga. Huu hausubiri mvua. Siku kavu na usiku wenye unyevu vinautosha. Salfa ya kuchanganya na maji ndiyo chaguo langu: hugharimu kidogo na hufanya kazi, mradi usiinyunyize kwenye jua kali wala ndani ya wiki mbili tangu upulize mafuta ya mwarobaini. Maziwa, sehemu moja kwa tisa za maji, husaidia ugonjwa ukiwa bado mchanga.

Wakati wa kiangazi, jani lenye vitone vidogo vya njano juu na utando mwembamba chini lina utitiri. Dawa nyingi za ukungu haziugusi, na sumu kali za wadudu huua maadui zake, ukarudi kwa wingi zaidi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa jani, mara mbili tatu kwa wiki, asubuhi ili majani yakauke mapema.

Mche unaopata madoa meusi kila masika hata ukiutunza, ung'oe. Linganisha bei ya mche mpya na ya dawa za msimu mmoja. Unapochagua kitaluni, inama uangalie majani ya chini ya mche, na uulize ni upi ulipita masika bila kupulizwa.