Mmea Ulao Wadudu, na Watu Wautafutao

Kila mtu ajua ya kuwa mdudu hula majani. Bali akiambiwa ya kuwa yako majani yalayo wadudu, hucheka. Lakini ndivyo ilivyo, na mimea ya tabia hiyo ni ya jamii nyingi. Leo twataka kueleza jamii moja tu, ambayo wataalamu huiita Nepenthesi, kwa sababu habari yake si ya ajabu tu, ni habari ya biashara pia, na biashara hiyo imekaribia kuumaliza mmea mmoja wa jamii hiyo usionekane tena kwao.

Katika bara letu la Afrika mmea huu haumei. Mahali pa karibu nasi unapopatikana ni visiwani, yaani Shelisheli, katika kisiwa cha Mahé na kile cha Silhouette, na Bukini, ambayo siku hizi huitwa Madagaska. Mfaransa mmoja, Étienne de Flacourt, aliyekuwa mkuu wa Wafaransa huko Bukini, ndiye wa kwanza kuandika habari zake katika kitabu, katika karne ya 17. Lakini makao yake hasa ni mbali zaidi upande wa mashariki, katika Borneo, Sumatra, Filipino na visiwa vya jirani. Aina zake zajulikana zaidi ya 150, na nyingi katika hizo humea katika mlima mmoja tu, au milima miwili, wala hazipatikani mahali pengine po pote duniani.

Wamalai huuita chungu cha kima. Jina hilo lafaa sana, kwa kuwa katika ncha ya kila jani hutoka kikonyo kirefu kama uzi, na mwisho wa kikonyo huvimba mtungi wenye mdomo na kifuniko, na ndani yake mna maji. Wengi wauonapo mara ya kwanza hudhani ni ua au tunda. Sivyo, ni jani lenyewe lililogeuka. Kifuniko hakifungi wala hakifunguki kumkamata mdudu, kama watu wasimuliavyo. Kazi yake ni kuzuia mvua isijaze mtungi. Mdudu huvutwa na utamu ulioko penye mdomo na chini ya kifuniko. Mdomo huo ukilowa huteleza kama jiwe la mtoni, na ukuta wa ndani katika aina nyingi umepakwa nta, hata mdudu akianguka hawezi kupanda. Hufa majini, na maji yale yana nguvu ya kumyeyusha kama tumbo liyeyushavyo chakula. Sababu ya haya yote ni umaskini wa udongo. Mahali mmea huu unapoota hapana rutuba, basi mmea hujitafutia samadi yake wenyewe kwa njia hii.

Wenyeji hawakuuona kuwa ni kitu cha hatari. Katika nchi ya Wamalai watu huchuma mitungi ya aina moja ya bondeni, huiosha, hutia mchele wa kunata na tui la nazi, wakaipika kwa mvuke.

Aina iliyo kubwa kupita zote huitwa Nepenthes rajah, nayo humea katika mlima wa Kinabalu na mlima jirani uitwao Tambuyukon, katika Sabah, upande wa kaskazini wa Borneo. Kinabalu ni mlima wa futi 13,435, hauufikii Kibo, lakini ni mkubwa sana kwa nchi zile. Mmea wenyewe haumei kila mahali mlimani, bali katika udongo wenye nikeli na madini mengine yasiyopendwa na mimea mingi. Mtungi wake waweza kufika inchi 16 urefu, na waweza kuchukua lita 3 na zaidi. Mwingereza Hugh Low, ofisa wa serikali katika kisiwa cha Labuan, aliukuta alipopanda mlima ule, na mwaka 1859 Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, akautangaza na kuupa jina kwa heshima ya James Brooke, Rajah wa Sarawak. Spenser St. John, aliyepanda mlima pamoja na Low mwaka 1858, alisimulia kwamba katika mtungi mmoja walikuta panya aliyezama. Tangu hapo ikaenea sifa ya kuwa mmea huu hula panya.

Sifa hiyo ni kweli nusu tu. Mwaka 2010 wataalamu walieleza jambo lililowashangaza wote. Yuko mnyama mdogo mlimani humo, mfano wa kindi mwenye pua ndefu, jina lake tupaia. Huja mchana akapanda juu ya mtungi kama mtu akaliavyo kigoda, akalamba utamu ulio chini ya kifuniko, na alambapo huacha kinyesi chake ndani ya mtungi. Umbali wa kutoka kifuniko hata mdomo walingana na urefu wa mwili wa mnyama yule, asipate kulamba ila akikaa hivyo. Usiku huja panya wa mlimani akafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mtungi ule mkubwa ni choo zaidi kuliko mtego, na mara chache mmoja wao huteleza akafa. Waungwana wa London waliotoa fedha nyingi ili wauweke mmea huo katika nyumba zao za vioo hawakujua kwamba wamenunua choo cha panya!

Maana fedha zilitolewa nyingi kweli. Katika karne ya 19, baada ya daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, kuvumbua sanduku la vioo la kusafirishia mimea hai baharini, matajiri wa Uingereza walishikwa na tamaa ya mimea ya nchi za joto. Kampuni ya Veitch iliyokuwa Chelsea ilituma watu wake mbali kuitafuta. Mmoja wao, Frederick Burbidge, alikwenda Borneo mwaka 1877, naye ndiye aliyeleta Ulaya mmea hai wa Nepenthes rajah. Ukaonyeshwa London mwaka 1881, ukasifiwa mno. Lakini mmea wa mlimani hutaka mchana wa baridi kidogo na usiku wa baridi zaidi, na wale watunzaji waliuweka katika joto kama tanuri, wakidhani kila kitokacho Borneo hupenda jua kali. Mingi ikafa.

Tamaa ile haikufa. Katika Borneo ya magharibi, karibu na mji wa Sintang, kuna jabali kubwa liitwalo Kelam, limesimama peke yake kama kichuguu katikati ya msitu. Katika kuta zake humea Nepenthes clipeata, mmea ambao jani lake ni la mviringo kama ngao, nao haumei penginepo. Ulipewa jina lake mwaka 1928. Katika miaka ya 1980 na 1990 wapenda mimea waliujua, na watu wakapanda jabali kwa kamba kuung'oa, ukauzwa ng'ambo. Kisha ukaja ukame mkuu wa mwaka 1997 na 1998, na moto ukapita juu ya jabali. Leo waliosalia kwao ni wachache mno. Tena mmea huu, kama wenzake wote wa jamii yake, una dume na jike katika mashina mbalimbali. Dume akibaki peke yake katika ufa wa mwamba hapana mbegu, ajapoishi miaka ishirini. Mng'oaji aliyetwaa jike la mwisho ameua na madume yote yaliyobaki, ingawa hakuyagusa.

Sheria ipo. Mataifa yalipatana Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo haba, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo katika mapatano hayo. Nepenthes rajah, pamoja na Nepenthes khasiana ya Bara Hindi, imo katika orodha ya kwanza, maana yake ni marufuku kuuza mmea uliong'olewa porini. Nyingine zote zimo katika orodha ya pili, hazipelekwi nchi nyingine pasipo hati ya serikali. Lakini mtu huuza mmea wa wizi kwa njia ya intaneti kwa mnunuzi asiyemwona uso, na karani wa posta hawezi kutambua kila jani.

Kilichosaidia kuliko sheria, kwa maoni yetu, ni maarifa. Siku hizi mbegu moja huoteshwa ndani ya chupa, katika chakula kilichotengenezwa, nayo hukatwa na kuzidishwa hata yapatikane maelfu ya miche. Ndiyo sababu hata Nepenthes rajah, iliyokuwa ya matajiri peke yao, yaweza kununuliwa kwa haki na mtu wa kawaida, ikiwa ndogo, mche wa kukaa katika kiganja.

Mnunuzi mwaminifu hutazama mambo haya. Mche wa bustani ni mdogo, majani yake ni safi na yamelingana, mizizi yake ni mizima. Mmea wa porini ni mkubwa ghafula, shina lake ni gumu kama kuni, majani ya zamani yametobolewa na wadudu, na mizizi imekatika. Tena hufa mara nyingi kabla ya mwaka kwisha. Muuzaji huulizwa mbegu ilitoka wapi na nani aliyeiotesha, na huombwa hati ya mapatano pamoja na hati ya afya ya mimea. Akijibu kwa maneno mengi na hati hana, mnunuzi na aondoke. Kisha mmea hupandwa katika kuvumwani na changarawe, hunyweshwa maji ya mvua, wala haupewi samadi mizizini hata kidogo. Wa bondeni hutaka joto usiku na mchana. Wa Kinabalu akipelekwa Mombasa hana maisha, katika hewa ya Lushoto labda angejikaza.

Na kwa kuwa tumetaja Lushoto, walimu wa Usambara huenda wakakumbuka kwamba yako maua madogo ya zambarau yaliyotoka katika misitu ya huko na ya Tanga. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, na leo huwekwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Maua yote yale ya madirishani huoteshwa huko huko, kwa jani lililokatwa na kuchomekwa mchangani. Ya porini yamebaki penye miamba yenye kivuli na unyevu, nayo yapungua kila mahali miti ikatwapo. Basi mgeni akija kijijini akitaka kuonyeshwa mahali yalipo, au akimwahidi kijana shilingi kwa kila shina, kwanza na aulizwe hati yake, kisha apelekwe kwa ofisa wa misitu.