Hodi Isiyoitikiwa: Seva ya Linux Inapopotea Baada ya Mtandao Kubadilishwa

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika kwa pamoja na kubaki kimya kwa takriban saa sita. Huku Afrika Mashariki zilikuwa saa za watu kutoka kazini, na wengi waliozoea kupokea oda kwa WhatsApp walianza kulaumu simu zao au kudhani vifurushi vimekwisha. Maelezo ya kampuni yenyewe yalionyesha kwamba seva hazikuwa zimeharibika. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata miunganisho kati ya vituo vyake vya data, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na hitilafu. Wahandisi walipotaka kuingia kwenye mitambo wakiwa mbali, walikuta njia waliyoitegemea nayo imekatika. Ikabidi watu wafunge safari hadi kwenye vituo vyenyewe.

Tatizo hilo hilo, kwa kipimo kidogo, huzipata shule, zahanati na ofisi za uhasibu. Seva ya Linux imekaa kimya chumba cha nyuma, haina hata skrini. Mhasibu wa tawi la pili huifungua kila asubuhi kutoka kwenye kompyuta yake, akaiona kana kwamba iko mezani pake. Jumamosi ruta inabadilishwa, au ofisi inahamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti. Jumatatu skrini haifunguki.

Hapo ndipo haraka huleta hasara. Kuna anayeizima seva na kuiwasha mara kadhaa, na kuna anayeanza kufuta na kusakinisha upya programu ambayo wiki iliyopita ilikuwa ikifanya kazi bila kasoro. Lakini kilichobadilika ni mtandao, na ni huko uchunguzi unakopaswa kuanzia. Na bahati nzuri, kila kosa linaloonekana kwenye skrini lina namna yake ya kusema limetokea wapi. Anayejifunza kuisoma lugha hiyo huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kuna njia tatu kuu za kuifikia Linux kutoka mbali, na kila moja ina poti yake, yaani namba inayoonyesha ni huduma gani inayotafutwa ndani ya mashine. Ya kwanza ni SSH, ambayo haionyeshi picha bali maandishi matupu. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na mtu aliyekuwa akinasa maneno ya siri yakipita. Poti yake ni 22. Ya pili ni VNC, iliyotokana na maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza. Hiyo hutuma picha ya skrini, na poti zake huanzia 5900: skrini ya kwanza ya ziada huwa 5901, ya pili 5902. Ya tatu ni RDP, itifaki ya Microsoft yenye poti 3389, ambayo Linux huipata kwa programu huria iitwayo xrdp. Hiyo ya tatu imependwa sana maofisini kwa sababu kompyuta za Windows zina programu ya kuifungua tangu zinaponunuliwa.

Sasa turudi kwenye Jumatatu ile. Kuunganisha kompyuta na seva ni kupiga hodi. Mwenyeji anaweza kuitikia karibu. Sauti inaweza kujibu kwamba unayemtafuta hayupo. Au pasisikike sauti yoyote.

Ujumbe wa "Connection refused" ni lile jibu la pili, na kwa fundi ni habari njema kuliko unavyosikika. Mara nyingi maana yake ni kwamba hodi imefika, mashine ipo hai, anwani ni sahihi, njia iko wazi, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Hapo hakuna haja ya kugusa ruta wala kebo. Kinachotakiwa ni kuingia kwenye seva kwa SSH na kuuliza kama huduma inaendeshwa, kwa amri ya "systemctl status xrdp", kisha kutazama ni poti zipi zinazosikiliza kwa "ss -tln". Angalizo moja linahitajika: kama hodi ilipigwa kutoka nje ya ofisi, aliyejibu anaweza kuwa ni ruta yenyewe, isiyojua hodi hiyo ipelekwe kwa nani.

Ukimya ni jambo tofauti kabisa. Kompyuta husubiri, husubiri, halafu hutangaza "Connection timed out". Pakiti, yaani vipande vya data, zimetumwa na hakuna kilichorudi. Ama zimekwenda kwenye anwani ambayo haina mtu, ama zimepotea njiani, ama zimefika mbele ya fayawoli, ile programu inayochuja mawasiliano, nayo ikazitupa bila kusema neno. Kwenye Ubuntu, fayawoli ya ufw huzitupa kimya kimya hivyo hivyo kwa kawaida yake.

Kuna jibu jingine linalowapoteza hata wenye uzoefu: "No route to host". Mtu huamini kwamba njia haipo, akaanza kufuatilia kebo ukuta mzima. Ni kweli mara nyingine njia haipo, au mashine imezimwa. Lakini kwenye mashine za jamii ya Red Hat ujumbe huo huo hutokea pale fayawoli inapokataa kwa adabu, ikirudisha taarifa kwamba kuingia kumezuiwa. Kama amri ya "ping", inayouliza tu kama mashine ipo, inajibiwa na poti inasema hakuna njia, mshukiwa wa kwanza awe fayawoli.

Chanzo kinachoongoza baada ya kubadilisha ruta ni anwani. Mitandao ya ndani hutumia anwani zilizotengwa maalumu kwa matumizi ya faragha, na kila mtengenezaji wa ruta ana mazoea yake. Ruta nyingi za TP-Link huja na 192.168.0.1, na vifaa vingi vya faiba vya Huawei huja na 192.168.100.1. Tuseme seva iliwekewa anwani ya kudumu 192.168.0.20 wakati wa ruta ya zamani. Ruta mpya inazigawia kompyuta zote za ofisi anwani zinazoanza na 192.168.100. Seva inaendelea kuishi kwenye mtaa wa zamani, ikitafuta lango la kutokea ambalo limeshang'olewa ukutani, na kompyuta za ofisi ziko mtaa wa pili ingawa kebo zote zimechomekwa kwenye swichi moja.

Hapa ipo mbinu ambayo mafundi wengi wangepaswa kuijua kabla ya kwenda kutafuta skrini na kibodi ya kuichomeka seva. Kompyuta ya mkononi iliyounganishwa kwenye swichi ile ile hupewa kwa muda anwani ya mtaa wa zamani, kwa mfano 192.168.0.50, na mara moja inaifikia seva kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha anwani ya seva inarekebishwa kwa utulivu.

Kama seva ilikuwa ikipewa anwani na ruta, hali ni nyepesi zaidi: imepata anwani mpya, na ukurasa wa ruta unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa utaionyesha. Ikionekana na anwani inayoanza na 169.254, basi imejipa yenyewe kwa sababu haikumpata wa kuipa.

Wanaoingia kutoka nje ya ofisi wana balaa la ziada. Ruta ya zamani ilikuwa na maagizo ya kupeleka hodi ya poti fulani kwa seva, na maagizo hayo yameondoka nayo. Kuyaandika upya ni kazi ya dakika chache, ikiwa tu ofisi bado ina anwani ya umma. Anwani za toleo la nne, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni nyingi za simu na intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukurasa wa ruta ukionyesha kwamba anwani yake ya upande wa nje iko kati ya 100.64 na 100.127, hodi kutoka nje haitafika hata maagizo yaandikwe vizuri namna gani. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Wapo waliopoteza siku kadhaa wakibadilisha mipangilio ya ruta kwa tatizo ambalo haliko kwenye ruta. Dawa yake ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, au kuifanya seva yenyewe ndiyo ipige simu kwenda nje, kwa mfano kupitia WireGuard, programu ya mtandao binafsi iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020.

Fayawoli nayo ina kumbukumbu ndefu. Fundi makini wa zamani huenda aliandika kwamba poti 3389 ifunguliwe kwa mashine za 192.168.0 pekee. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mtandao ukishahamia 192.168.100, kanuni ile ile inawafungia nje wenyeji wote. Kwenye mashine zenye firewalld, fayawoli ya jamii ya Red Hat, kuna mtego mwingine: ruhusa hutolewa kwa kanda, na kadi mpya ya mtandao huangukia kanda ya kawaida, ambako huenda hakuna aliyewahi kuifungua poti hiyo. Majina ya kadi yenyewe hubadilika pia. Kadi ikihamishwa kutoka nafasi moja kwenda nyingine ndani ya mashine, iliyoitwa enp3s0 inaweza kuamka ikiitwa enp4s0, huku faili la mipangilio likiendelea kuitafuta ya kwanza.

Matokeo ya "ss" yana siri moja inayofaa kutazamwa kwa makini. Mstari unaoonyesha 0.0.0.0:5901 maana yake huduma inasikiliza pande zote. Ukionyesha 127.0.0.1:5901, inasikiliza ndani ya mashine peke yake, na mtu wa nje atakataliwa daima. Wengi huona hilo ni kosa na kulibadilisha. Kwa VNC si kosa, ni ulinzi, kwa kuwa neno la siri la VNC ya asili huishia herufi nane na picha zake husafiri bila kusimbwa. Njia sahihi ni kuipitisha ndani ya SSH: amri ya "ssh -L 5901:localhost:5901" ikifuatiwa na jina la mtumiaji na anwani ya seva, kisha programu ya VNC inaelekezwa kwenye localhost:5901, yaani kompyuta yako mwenyewe. Poti inayoonekana na dunia inabaki moja tu, ile ya 22.

Tatizo gumu kuliko yote ni lile linaloanza vizuri. Jina linakubaliwa, neno la siri linakubaliwa, halafu skrini inaganda. Likitokea baada ya kuhamia mtandao binafsi au mtoa huduma mpya, pima ukubwa wa pakiti. Mtandao wa Ethernet hubeba pakiti za hadi baiti 1500. Njia ya PPPoE, inayotumiwa na baadhi ya watoa huduma wa intaneti, hubeba 1492, na WireGuard kwa kawaida hutumia 1420. Maandishi ya kuingilia ni mafupi, yanapita. Picha ya skrini hujaza pakiti hadi ukingoni, na kama kifaa kimoja njiani kinazitupa zilizozidi bila kutoa taarifa, hakuna kitakachofika. Kipimo chake ni amri "ping -M do -s 1472" ikifuatiwa na anwani. Baiti 1472 na 28 za vichwa vya pakiti ni 1500 kamili. Ikishindwa, namba ipunguzwe hadi jibu lirudi, kisha ukubwa wa pakiti uliowekwa kwenye kadi ya mtandao uteremshwe kulingana nayo.

Skrini nyeusi baada ya kuingia ni kisa kingine, na mtandao hauhusiki. Kwenye xrdp mara nyingi husababishwa na mtumiaji yule yule kuwa bado ameingia kwenye mashine yenyewe. Atoke huko kwanza, kisha ajaribu tena.

Pia kuna onyo ambalo halifai kupuuzwa hata kama kazi imesimama: SSH inapotangaza kwa herufi kubwa kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Huenda ruta mpya imeipa mashine nyingine anwani ya zamani ya seva. Huenda pia kuna mtu amejiweka katikati. Kuifuta alama ya zamani ya utambulisho huo kabla ya kuthibitisha ni kumkabidhi mgeni neno la siri.

Kinga ipo, na ni ya bei ndogo. Kwenye Ubuntu, amri ya "netplan try" huweka mipangilio mipya kwa sekunde 120, na kama fundi hakuithibitisha, labda kwa sababu amefungiwa nje, ya zamani hurudi yenyewe. Kuifanyia seva mabadiliko ya mtandao ukiwa mbali bila kinga ya namna hii ni uzembe.

Njia ya pili ya kuingilia nayo ni lazima, na iwe ya mtandao tofauti kweli. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya simu ya Rogers ya Canada ilikosea wakati wa kuboresha mtandao wake, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Mtandao ambao wahandisi wake waliutumia kuvifikia vifaa ulitegemea mtandao mkuu ule ule ulioanguka, hivyo nao walibaki nje.

Kwa ofisi ndogo, modemu yenye laini ya kampuni nyingine inatosha, mradi ijaribiwe kabla ya siku ya haja. Na kabla fundi hajaing'oa ruta ya zamani, mwenye ofisi amwombe mambo mawili: apige picha kurasa zake zote za mipangilio, na aandike anwani ya seva kwenye karatasi na kuibandika juu ya seva yenyewe.