Ukaguzi wa Ufurikaji wa Namba Kamili: Chanzo cha Mvutano katika Mapitio ya Msimbo na Njia za Kuupatanisha

Ikisiri

Mapitio ya msimbo ni desturi ya mwandaaji programu kusoma na kuhoji kazi ya mwenzake kabla haijaanza kutumika. Katika mapitio hayo, suala la kukagua ufurikaji wa namba kamili huzua mvutano wa mara kwa mara. Makala haya yanaeleza chanzo cha mvutano huo na kuonyesha kwamba wabishani huchanganya maswali matatu yanayopaswa kutenganishwa: je, namba inaweza kuvuka kikomo, ikivuka, mfumo ufanye nini, na nani abebe gharama ya kinga? Inapendekezwa kwamba maswali hayo yajibiwe katika hatua ya usanifu na katika mikataba ya ununuzi wa mifumo ya umma, badala ya kuachiwa wapitiaji wawili dakika za mwisho.

Istilahi muhimu: namba kamili, ufurikaji, mapitio ya msimbo, kompaila, mifumo ya fedha za umma

1.0 Utangulizi

Kompyuta huhifadhi kila namba katika nafasi yenye ukomo. Namba kamili yenye alama inayowekwa katika biti 32 huanzia −2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Hesabu ikizidi hapo, hutokea ufurikaji. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha mchele kikijaa, kinachozidi humwagika na kila mtu hukiona. Kibaba cha kompyuta kikijaa, mara nyingi thamani iliyomo hubadilika kimyakimya.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, kikomo hicho hakiko mbali. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, shilingi bilioni 2.1 za Tanzania au za Uganda hazifiki dola milioni moja za Marekani. Endapo mfumo unahifadhi fedha kwa senti, kikomo hushuka hadi shilingi 21,474,836.47, kiasi ambacho mtu binafsi anaweza kukilipa kwa kununua kiwanja. Mfumo uliosanifiwa kwa sarafu yenye thamani kubwa unaweza kufanya kazi miaka mingi kwao bila hitilafu, kisha ukakwama mwezi wa kwanza unapoletwa katika ukanda huu.

2.0 Mfano wa mvutano

Ichukuliwe kwamba programu ya mishahara inajumlisha malipo ya mwezi katika namba kamili ya biti 32, na kila mtumishi analipwa shilingi 500,000. Watumishi 4,294 wanatimiza shilingi 2,147,000,000 na hesabu iko salama. Akiongezwa mmoja tu, jumla inakuwa 2,147,500,000 na kikomo kimevukwa. Kwa watumishi 5,000 jumla halisi ni 2,500,000,000, lakini mashine inayozungusha namba itaonyesha −1,794,967,296. Kwa watumishi 9,000 itaonyesha 205,032,704: namba chanya, yenye sura ya kuaminika, na isiyo sahihi.

Msimbo huu unapofika kwenye mapitio, mpitiaji wa kwanza hudai kila ujumlishaji ukaguliwe. Mwandishi hujibu kwamba taasisi ina watumishi 300, hivyo kinga hiyo ni mzigo usio na faida na inaufanya msimbo usomeke kwa shida. Mpitiaji wa pili hupendekeza kuhamia biti 64, ambazo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, na kuufunga mjadala.

Kila mmoja ana hoja ya kweli. Idadi ya sasa ni ndogo, lakini hakuna kilichoandikwa kinachoizuia kuongezeka. Biti 64 zinatosha kwa jumla ya mishahara, lakini haziondoi hatari pale namba inapopelekwa kwenye faili, hifadhidata au mfumo wa benki ambao bado unapokea biti 32. Ukaguzi wa kila mstari nao una gharama ya muda wa mashine na ya umakini wa msomaji.

3.0 Ukaguzi unaofutwa na kompaila

Mvutano huongezeka pale wabishani wanapokubaliana kwamba kinga inahitajika, kisha wakatofautiana kuhusu namna ya kuiandika. Wengi hujumlisha kwanza, halafu huuliza kama matokeo ni madogo kuliko namba ya awali. Katika lugha ya C njia hiyo ina mtego. Kiwango cha kimataifa cha lugha hiyo kinasema kwamba namba isiyo na alama huzunguka, lakini kinaiacha namba yenye alama bila ufafanuzi wowote inapofurika. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, inaruhusiwa kuchukulia kwamba ufurikaji huo hautokei kamwe. Kwa kuwa namba ikiongezwa 100 bila kufurika haiwezi kupungua, kompaila huliona swali la mwandishi kuwa halina maana na kulifuta.

Mwaka 2007 jambo hili liliripotiwa kwa waendelezaji wa kompaila ya GCC kama kasoro. Walioripoti waliona kwamba kinga ya usalama imeondolewa bila wao kuarifiwa. Waendelezaji walishikilia kwamba msimbo ule ndio uliokiuka kanuni za lugha, na kwamba anayetaka namba izunguke ana chaguo maalumu la kuiamuru kompaila ifanye hivyo. Upande mmoja ulisimama juu ya matarajio ya watumiaji, na mwingine juu ya maandishi ya kiwango. Funzo la kiutendaji ni kwamba ukaguzi unapaswa kutangulia hesabu: kabla ya kuongeza kiasi chanya kwenye salio, huulizwa kama salio ni kubwa kuliko kikomo kikitolewa kiasi hicho. Swali hilo lenyewe halifuriki.

4.0 Kugundua si kutatua: tukio la Ariane 5

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika katika safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Takribani sekunde 37 baada ya injini kuu kuwashwa, programu ya kifaa cha kuongoza mwelekeo ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, na thamani haikuenea. Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilieleza kwamba hesabu saba zilikuwa katika hatari ya aina hiyo. Nne zilikingwa, na tatu ziliachwa wazi ili kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Uamuzi huo ulijadiliwa na kukubaliwa na washirika wa mradi. Kwa mwenendo wa Ariane 4, ambayo programu hiyo ilitengenezewa, hoja yao ilikuwa na msingi. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, na dhana iliyowalinda ikaacha kuwa kweli.

Jambo la pili halitajwi mara nyingi. Mashine iligundua kosa, lakini kwa mujibu wa maelezo ya usanifu, kosa lolote la namna hiyo lilimaanisha kifaa kizimwe. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ileile na kilikuwa kimezimika muda mfupi kabla, kwa sababu ileile. Zaidi ya hayo, hesabu iliyofurika haikuhitajika tena baada ya roketi kuruka. Hivyo basi, anayedai ukaguzi katika mapitio bila kusema nini kifuate ametoa nusu ya hoja.

5.0 Majibu ya lugha za programu

Wabunifu wa lugha wamejaribu kuuondoa mzigo huu mabegani mwa wapitiaji, ingawa hawakufikia jibu moja. Swift husimamisha programu namba inapofurika, isipokuwa mwandishi ametumia alama maalumu ya kuruhusu mzunguko. Rust, katika mpangilio wake wa kawaida, husimamisha programu wakati wa majaribio lakini huzungusha namba katika toleo la matumizi, kwa ajili ya kasi. Java huzungusha kimya, ingawa tangu mwaka 2014 ina njia za kujumlisha zinazotoa taarifa ya kosa. Kiwango kipya cha C, kinachojulikana kama C23, kimeongeza zana za namna hiyo.

Tofauti hizi zina sababu. Baadhi ya hesabu, kama zile za usimbaji fiche, hutegemea mzunguko kwa makusudi, na kuzisimamisha kungekuwa kosa. Kwa upande mwingine, uzoefu pekee hautoshi kuwa kinga. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba utafutaji nusu kwa nusu katika maktaba ya Java, alioundika yeye mwenyewe, ulikuwa na kasoro iliyojificha kwa takribani miaka tisa: kujumlisha mipaka miwili kabla ya kuigawa kwa mbili kulifurika pale orodha ilipokuwa kubwa mno.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, maelezo ya mfumo yataje kipimo cha kila kiasi, kama ni shilingi au senti, pamoja na thamani ya juu inayotarajiwa katika uhai wote wa mfumo. Pili, itamkwe nini kitokee kikomo kikivukwa. Katika malipo ya umma, jambo la busara ni kusitisha muamala husika, kuhifadhi kumbukumbu yake na kumwarifu msimamizi, huku miamala mingine ikiendelea. Tatu, majaribio ya mapokezi yajumuishe thamani iliyo kwenye kikomo na ile inayokizidi kwa moja. Nne, kila kinga inayoachwa kwa makusudi iandikwe pamoja na sababu yake, na sababu hiyo ihojiwe upya programu inapohamishiwa nchi, sarafu au taasisi nyingine.

7.0 Hitimisho

Mvutano wa wapitiaji kuhusu ufurikaji wa namba si dalili ya ukaidi wala ya ujuzi mdogo. Ni dalili kwamba uamuzi wa kisera umeachwa bila mwenyewe, ukaangukia mikononi mwa watu wasio na mamlaka ya kuutoa. Mwandaaji programu anaweza kuthibitisha kwamba namba inaenea katika biti 32. Hawezi peke yake kuamua kwamba wizara haitaajiri mtumishi wa 4,295. Uamuzi huo ukifanywa na wenye dhamana na kuandikwa mapema, wapitiaji watabaki na kazi wanayoiweza: kuhakikisha kwamba msimbo unatii kilichoamuliwa.