TUPIME KWANZA, TULAUMU BAADAYE



Wiki chache zilizopita vijana wawili, watoto wa wanachama wenzetu, walitujia ofisini na gari dogo la roboti walilolitengeneza shuleni. Magurudumu yalikuwa yakishtuka kidogo kisha yanasimama. Walikuwa wamekwisha kubadilisha bodi ya kuendeshea mota mara mbili, na shule ilikuwa imeagiza wazazi walipie bodi zote kwa madai kwamba watoto wameziunguza. Sisi hatukuvuka shule ya msingi, lakini umeme tulijifunza kazini. Tulikaa nao tukapima. Tunaeleza hapa tuliyoyafanya, ili yawafae na wengine.

Kwanza tufahamu kazi ya bodi hiyo. Ubongo wa roboti, kwa mfano Arduino Uno, hauna nguvu nyingi. Pini yake moja yafaa itoe miliampea 20 tu. Mota ndogo hutaka mamia ya miliampea, na gurudumu likizuiwa hutaka zaidi. Kwa hiyo kati yao huwekwa bodi. Vijana hawa walitumia ile ya L298N, inayoendesha mota mbili. Ni kama koki ya maji: mkono mdogo hugeuza, maji mengi hupita. Ubongo hutoa amri, na bodi hufungulia mota umeme wa betri.

Sasa tupime kwa utaratibu huu:

1. Betri. Pima volti wakati mota inapotakiwa kuzunguka. Betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikipumzika, lakini ikibebeshwa mzigo huanguka. Ile ndogo ya mstatili ya volti 9 haifai kazi hii.

2. Volti zinazopotea njiani. L298N yenyewe hula volti 2 hivi, na zaidi mzigo ukiongezeka. Betri 4 za tochi za volti 1.5 hufanya volti 6, lakini mota itapata 4 hivi. Mota inayonguruma bila kuzunguka huenda haijafa, ina njaa tu.

3. Mota. Itoe kwenye bodi, uiunganishe na betri moja kwa moja kwa muda mfupi. Ikizunguka, ni nzima.

4. Ruhusa na amri. Pini za ENA na ENB lazima ziwe na vifuniko vyake au nyaya za amri. Kisha tazama IN1 na IN2: moja iwe na volti, nyingine isiwe nazo. Zikiwa sawa, mota haizunguki.

5. Hasi ya pamoja. Hasi ya betri, GND ya bodi na GND ya ubongo ziunganishwe zote.

Hapo kwenye jambo la tano ndipo tulipokuta kosa. Ubongo ulipata umeme kutoka kompyuta, mota zikapata kutoka betri, na hasi mbili hizo hazikuunganishwa. Volti hupimwa kati ya sehemu mbili. Pasipo hasi moja, bodi haiwezi kujua amri ni ipi. Tuliunganisha waya mmoja, gari likaenda. Tukazirudisha zile bodi mbili zilizohukumiwa, moja baada ya nyingine. Zote zilifanya kazi!

Ikiwa yote matano yako sawa, na bado hakuna volti kati ya OUT1 na OUT2, hapo ndipo useme bodi imeharibika. Zima betri kila mara kabla ya kugusa nyaya, na jihadhari na bati la kupozea, maana huwa la moto sana.

Ndugu, kazini hatukubali mwenzetu akatwe mshahara kwa mashine iliyosimama kabla ya mashine kuchunguzwa. Kwa nini tukubali hivyo kwa watoto wetu? Mzazi mmoja alikuwa tayari kukopa ili alipe. Tuliwaandikia shule, tukaambatanisha vipimo vyote, na madai yakafutwa. Vijana nao wamerudi darasani na karatasi yenye hatua hizi tano, wamwonyeshe mwalimu na wenzao.

Mzazi ambaye mtoto wake analipishwa kifaa, asilipe kwa hofu. Aje na kifaa chenyewe ofisini. Mita tunayo.

Umoja ni nguvu.