Majani ya Chai Hayangoji

Mtu akiulizwa Kericho iko mbali kadiri gani, hujibu kwa kilomita: mpaka Nairobi ni zaidi ya 250, na Mombasa ni mbali zaidi. Lakini mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hupima umbali kwa saa, wala hahesabu njia ya mjini, bali njia ya kiwandani.

Sababu ni hii. Mahindi yaliyokaushwa vyema huweza kukaa ghalani miezi mingi yakingoja bei nzuri. Majani ya chai hayangoji. Tangu yanapochumwa, majani mawili na chipukizi lake, huanza kunyauka. Yakishindiliwa katika gunia hupata joto, hugeuka mekundu, na chai yake huwa duni. Yapasa yafike kiwandani siku ile ile. Tena kilo moja ya chai kavu hutoka katika kilo nne au zaidi za majani mabichi. Kuyachukua mabichi mpaka mji wa mbali kungekuwa kulipa nauli ya maji.

Ndiyo maana kiwanda kilifuata shamba. Makampuni makubwa yalipopanda chai Kericho katika miaka ya 1920, yalijenga viwanda vyao huko huko mashambani. Wenye mashamba madogo nao walipata njia baada ya mwaka 1960, serikali ilipounda mamlaka ambayo mwaka 1964 ilikuwa KTDA, na tangu 2000 ni kampuni ya wakulima. Leo viwanda vyao viko Litein, Kapkoros na Mogogosiek, na vituo vya kupimia majani viko karibu na mashamba. Chai ikiisha kukaushwa, safari haiidhuru tena. Huenda mnadani Mombasa, ulikohamishiwa mnada huo kutoka Nairobi mwaka 1969.

Basi adui wa mkulima si Mombasa iliyo mbali, bali kilomita chache za matope kati ya kituo na kiwanda. Mvua huleta majani mengi, na mvua hiyo hiyo hukwamisha lori. Lori likilala njiani, kazi ya mchumaji ya siku nzima imepotea.

Kwa hiyo, ndugu wakulima, wekeni majani vikapuni penye kivuli bila kuyashindilia, fikeni kituoni kwa wakati, na zibueni mifereji ya barabara kabla ya masika. Azibuaye mfereji leo ameokoa mavuno yake ya kesho.