Je, Wajua? Mzamiaji hurudi juu akiwa mwepesi

Hewa huwa tunaidharau, lakini mtungi wa mzamiaji wa alumini wa lita 11 hivi ukijazwa hubeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Kila pumzi inayotoka kama mapovu huondoka na uzito wake, hata mtungi ulioingia majini ukizama huishia kutaka kuelea! Ndiyo maana vipande vya risasi vya mkandani vinavyosaidia kuzama hupimwa kwa kufikiria mwisho wa safari: mtungi ukikaribia kuisha, mzamiaji aweze kutulia mita 5 chini ya maji kwa dakika 3 kabla ya kuibuka. Na akizidisha risasi? Hulazimika kujaza hewa zaidi kwenye jaketi lake la kuelea. Kifua hupanda, miguu huning'inia, na mapezi huvunja matumbawe.