Je, Wajua? Mbwa wa Ituri Huvaa Kengele ya Mbao

Mbwa wa uwindaji katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, huvalishwa shingoni kengele ya mbao iliyochongwa kwa mkono. Mbwa hao, jamii ya Basenji, hawabweki kama wengine. Bila kengele, mwindaji angewapoteza vichakani. Naiona kuwa vazi bora kabisa la mbwa: linakaa shingoni tu, mwili wote unabaki wazi.

Uwazi huo ndio hoja. Mbwa hutoka jasho kidogo sana, nyayoni. Joto hulipunguza hasa kwa kuhema, ulimi nje. Huko Marekani watu huwashonea mbwa mavazi ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, wakati sehemu nyingi hewa imeshapoa. Lakini mjini Isaka, Tanzania, Oktoba ni msimu wa joto kali, mvua hazijakolea. Vazi la kichwa hadi mkia hapo ni mateso. Wapo watakaosema mbwa tayari ana manyoya, kitambaa kimoja kitamdhuru nini? Manyoya amezaliwa nayo, na hupukutika yenyewe. Kitambaa hufungwa bila yeye kuweza kuzuia, wala hawezi kukifungua. Wengine watasema basi asipambwe kabisa. La, apambwe, ila kwa kiasi: kipande cha kanga kuukuu shingoni, kilegee vidole viwili vipite, macho na mdomo viwe huru. Usiweke vifungo, atavimeza. Akipiga miayo mfululizo, akilamba midomo au akiganda mahali pamoja, amechoka na vazi hilo. Mvue papo hapo, umpe maji.